Kuanzisha makao ya tiba kwa vijana waliokwama: maadili yaanze kwa watu wazima

Wengi huanza na jengo. Kuna nyumba ya familia iliyobaki tupu, au shamba lenye mabweni ya zamani, na moyoni kuna uchungu wa kweli: mpwa aliyeingia kwenye dawa za kulevya, mwanafunzi aliyekuwa akijikata mikono bila mtu kujua, mzazi aliyekuja kukulilia kwamba mtoto amemshinda. Uchungu huo ni mtaji mzuri. Jengo ni mtaji wa hatari, kwa sababu jengo hutaka kujazwa, na siku utakapompokea kijana ili tu kitanda kisibaki wazi, umeshapotea njia.

Nimekuwa mlezi wa zamu katika nyumba za aina hii kwa miaka. Nyingine zilikuwa njema, moja ilikuwa mbaya sana. Zote zilikuwa na maadili yaliyoandikwa ukutani. Katika ile mbaya, "heshima" ilimaanisha kijana aombe ruhusa kabla ya kufungua mdomo, huku sisi wafanyakazi tukimwita majina ya dharau. Katika zile njema, neno lilelile lilimbana mlezi kabla halijamgusa kijana. Kila hatua utakayoisoma hapa inatoka kwenye tofauti hiyo.

Hatua ya kwanza: hakikisha nyumba inahitajika

Kumtoa kijana kwao si jambo dogo. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, iliyopitishwa 2009, inataka makao yatumike pale tu ambapo yanamfaa mtoto husika, yana ulazima, na yatamjenga. Kwa hiyo kabla ya kutafuta fedha, kaa na maafisa ustawi wa jamii, walimu wakuu, madaktari wa afya ya akili na wazazi wenyewe. Waulize: ni vijana gani mnakosa pa kuwapeleka, na huko nyumbani kwao mmeshajaribu nini?

Sehemu ya pili ya swali ndiyo nzito. Ipo tiba iliyoanzishwa Marekani na Scott Henggeler na wenzake ambayo humfuata kijana aliko. Mtaalamu mmoja hubeba familia nne hadi sita tu, huenda nyumbani, shuleni na kwa marafiki, timu hupigiwa simu saa yoyote, na kazi hukamilika kwa miezi 3 hadi 5. Ukikuta kwamba eneo lako halina chochote cha namna hiyo, huenda fedha zako zikaokoa vijana wengi zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa vitanda. Kubadili mpango sasa si aibu, maana bado hujaajiri mtu wala hujamuahidi mzazi yeyote.

Hatua ya pili: amua utampokea nani, na nani hutamweza

Nyumba inayosema "tunapokea kijana yeyote mwenye matatizo" haijui inatibu nini. Chagua umri, jinsia na tatizo, kisha uandike pia orodha ya wale usiowaweza, tena uiandike kwa ujasiri. Kijana anayeacha pombe ghafla baada ya kuitumia kwa wingi, au anayeacha vidonge vya usingizi vya jamii ya benzodiazepini, anaweza kupata degedege na kufa. Huyo aanzie hospitali. Vivyo hivyo kijana anayesikia sauti zinazomwamrisha, mwenye mpango wa kujiua ulio tayari, au aliyejinyima chakula hadi mwili umeanza kudhoofu. Kumkataa kwa kumwelekeza mahali sahihi, na kupiga simu wewe mwenyewe mpaka apokewe, ni sehemu ya huduma.

Kuna hatari nyingine ambayo waanzilishi wengi hawaitaji. Ukiwaweka pamoja vijana waliokwama, wanafundishana. Mwaka 1939 ulianza mradi mkubwa huko Cambridge na Somerville, Massachusetts, wa kuwasaidia wavulana walio hatarini: walipewa washauri, masomo ya ziada, na baadhi wakapelekwa kambi za likizo. Mtafiti Joan McCord aliwafuatilia miaka 30 baadaye akakuta waliosaidiwa hawakuwa na hali bora kuliko wenzao wasiosaidiwa, na kwa mambo kadhaa walikuwa na hali mbaya zaidi. Mwaka 1999 yeye, Thomas Dishion na François Poulin walieleza sababu mojawapo: vijana wakikaa kikundi, kicheko na sifa za wenzao kwa kila ujanja vinaweza kuzidi nguvu ya somo la mtu mzima. Hii haimaanishi ufunge nyumba kabla ya kuifungua. Maana yake ni kwamba vikundi viwe vidogo, mtu mzima awepo kweli kweli na si kukaa pembeni na simu yake, na kijana aendelee kukutana na vijana wa kawaida shuleni, michezoni na kwa ndugu zake.

Hatua ya tatu: yaandike maadili kama vitendo vya mtu mzima

Hapa usikimbilie. Wakusanye wale utakaoanza nao kazi, pamoja na watu wazima wawili au watatu waliowahi kuishi kwenye makao wakiwa vijana. Chagueni maadili machache, manne au matano yatosha. Kwa kila moja andikeni majibu matatu: mlezi atafanya nini, kijana ataliona wapi, na tukilivunja litajulikanaje.

Chukua ukweli. Mlezi akikosea, mzazi anaambiwa siku hiyohiyo. Kijana anaona mlezi akisema mbele yake, "Nilikupandishia sauti jana, nilikosea." Likivunjwa, litajulikana kwa sababu kitabu cha matukio husomwa kila wiki na mtu asiye mwajiriwa wa nyumba. Chukua heshima: mlezi anabisha hodi na kusubiri jibu, upekuzi wa begi hufanywa na watu wazima wawili, kijana akiwepo, na sababu inaandikwa. Chukua uwajibikaji: aliyevunja kitu hushiriki kukitengeneza, awe kijana au mkurugenzi.

Nasisitiza hili kwa sababu maneno mazuri yamewahi kutumika kuumiza. Mwaka 1958 Charles Dederich alianzisha Synanon huko California kusaidia watumiaji wa dawa za kulevya. Neno lililotukuzwa pale lilikuwa ukweli, na ukweli huo ulikuwa watu kukaa duara na kumshambulia mmoja wao kwa maneno mpaka avunjike. Kundi hilo liliishia katika vurugu na kesi mahakamani na likafungwa 1991, lakini mtindo wake ulikuwa umeshanakiliwa na programu nyingi za vijana. Kijana aliyevunjwa mbele ya wenzake hukuambia unachotaka kusikia. Kwa nje anaonekana amebadilika. Ndani amejifunza kuigiza.

Ikiwa nyumba yako ni ya imani, sema wazi tangu simu ya kwanza, kwa mzazi na kwa kijana. Ibada iwe mlango ulio wazi, isiwe ngazi ya kupandia vyeo vya nyumba. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 14, unalinda uhuru wa mtoto wa mawazo, dhamiri na dini, ingawa unawaachia wazazi nafasi ya kumwongoza. Asiyesali asinyimwe kitu ambacho anayesali anapewa. Na sala isichukue nafasi ya daktari.

Hatua ya nne: leseni, bodi, bima

Sheria za nchi yako utazisoma mwenyewe, ukiwa na mwanasheria. Utahitaji kibali cha ustawi wa jamii, cha afya kama mtatoa dawa, cha elimu kama mtafundisha, ukaguzi wa moto, na bima. Bodi isijazwe ndugu na marafiki. Iwe na daktari, mtu wa fedha, mzazi, na angalau mmoja aliyewahi kuwa kijana wa makao.

Ukiambiwa kwamba sheria inakusamehe leseni kwa sababu wewe ni taasisi ya dini, iombe hata hivyo, au tafuta ithibati ya chombo huru. Jimbo la Missouri huko Marekani liliziacha nyumba za kidini bila leseni kwa miongo mingi, na malalamiko ya watoto kuteswa yakaja kujaa, mpaka sheria ya 2021 ilipozilazimisha kujitambulisha serikalini na kuchunguza historia ya wafanyakazi wake. Nyumba njema zilizokuwemo zilichafuka pamoja na zile mbovu, kwa kuwa hazikuwa na namna ya kuonyesha tofauti.

Hatua ya tano: hesabu watu kabla ya kuhesabu vitanda

Wiki ina saa 168. Mfanyakazi wa saa 40 kwa wiki hukaa kidogo chini ya robo ya saa hizo, kwa hiyo nafasi moja ya ulezi inayotakiwa mchana na usiku inahitaji watu wanne na ushee. Ongeza likizo, ugonjwa na siku za mafunzo, wanakuwa watano. Ukitaka walezi wawili muda wote, wakiwa macho hata usiku, unaajiri kumi. Bado hujamweka mshauri nasaha, muuguzi, mwalimu, mpishi na wewe mwenyewe. Fanya hesabu hii kwa kalamu kabla hujanunua godoro hata moja, kisha ujiulize kama fedha ulizonazo zitalipa mishahara hiyo kwa mwaka mzima hata kama nusu ya vitanda vitakuwa wazi. Kama haziwezi, subiri. Nyumba nyingi huanza kuharibika zamu ya usiku inapoachiwa mtu mmoja aliyechoka.

Idadi ya vijana iwe ndogo. Missouri hiyohiyo ina funzo jingine, jema: mwaka 1983 ilifunga chuo chake kikubwa cha Boonville cha kurekebisha wavulana waliovunja sheria, ikaeneza nyumba ndogo karibu na wanakotoka vijana, wakiishi katika vikundi vya kama 10 hadi 12 na walezi wale wale. Wageni kutoka majimbo mengine wamekuwa wakienda kujifunza huko. Kwa anayeanza, mimi ningesema sita au wanane wanatosha.

Kwenye usaili, usiulize kama mtu anapenda vijana. Kila mtu atasema anapenda. Mwambie: "Nieleze mara ya mwisho kijana alipokutukana, na wewe ulifanya nini dakika tano zilizofuata." Anayejibu kwa fahari jinsi alivyomnyoosha, mshukuru umwache aende. Wapigie simu waajiri wake wa zamani, usiridhike na barua. Vijana wakiwa wameshaingia, mmoja wao akae kwenye usaili unaofuata. Wananusa uongo haraka kuliko sisi.

Sheria za kila siku ziwe rahisi kukaguliwa. Vyumba vya ushauri viwe na kioo mlangoni. Mlezi asiwe na picha za vijana kwenye simu yake binafsi. Na kila mlezi apate saa moja, angalau kila wiki mbili, ya kukaa na msimamizi na kusema yanayomlemea. Mlezi asiyesikilizwa hana masikio ya kumkopesha kijana.

Hatua ya sita: panga siku ya kwanza na siku ya kawaida

Kijana azuru nyumba kabla ya kuhamia. Ale pale, aone kitanda, azungumze na wanaoishi humo bila mlezi kusikiliza. Usikubali kamwe kumpokea kijana aliyechukuliwa usiku kitandani mwake na watu asiowajua, hata kama mzazi ndiye aliyewalipa. Utatumia miezi kurekebisha usiku huo mmoja.

Tathmini kamili ifanyike mapema: afya ya mwili, usingizi, dawa alizozoea, masomo, matukio ya kutisha aliyopitia, hatari ya kujiua. Sheria ya Marekani ya 2018 kuhusu makao ya watoto walio chini ya uangalizi wa serikali imeweka kikomo cha siku 30 kwa tathmini huru ya kama makao hayo yanamfaa mtoto kweli. Ni kipimo kizuri kukiazima popote ulipo. Mtu aliye nje ya nyumba yako aulizwe: je, huyu anahitaji kuwa hapa? Kisha swali lirudiwe kila baada ya muda, kama ibara ya 25 ya Mkataba wa Haki za Mtoto inavyotaka.

Tiba yenyewe iongozwe na waliosomea. Tiba ya fikra na tabia, inayomfundisha mtu kutambua na kubadili mawazo na mazoea yanayomuumiza, ina ushahidi mzuri kwa wasiwasi na huzuni nzito. Kwa kijana anayejidhuru, mbinu za mwanasaikolojia Marsha Linehan za kustahimili hisia kali zimesaidia wengi. Kwa anayesema "sina tatizo", mazungumzo ya kuamsha ari, yaliyoanzishwa na William Miller na kukuzwa na Stephen Rollnick, hufanya kazi kuliko mahubiri. Zilizobaki ni kazi za kawaida, na ndizo zinazoshika nyumba: kulala na kuamka saa zilezile, shule isiyokatika, jasho la michezo, zamu ya kuosha vyombo ambayo walezi nao wamo.

Sasa jambo ambalo sitalilegeza. Simu ya nyumbani haiwi zawadi wala adhabu. Nyumba nyingi hupanga madaraja, na kijana wa daraja la chini hasemi na mama yake mpaka apande. Hilo ni kumtibu kwa kumkata mzizi. Mazungumzo na familia yawe kila wiki tangu wiki ya kwanza, barua zisifunguliwe, na kikao cha tiba cha familia kiwe sehemu ya ada, si nyongeza. Pasipokuwa salama kwa kijana kuongea na ndugu fulani, uamuzi huo uandikwe kwa jina na sababu, na upitiwe upya.

Hatua ya saba: andika sheria ya usiku mgumu kabla ya usiku huo

Mwaka 2020 huko Michigan, kijana wa miaka 16 alitupa mkate kwenye bwalo la makao alimokuwa akiishi. Wafanyakazi kadhaa walimlaza chini wakamkandamiza kwa dakika kadhaa. Alifariki siku mbili baadaye. Chanzo kilikuwa mkate.

Kwa hiyo andika hivi, na kila mlezi atie sahihi: kumshika kijana kwa nguvu ni pale tu mwili wake au wa mwingine uko hatarini sasa hivi, hashikwi kwa kukaidi, kutukana wala kuvunja vitu, halazwi kifudifudi kamwe, hakaliwi wala kubanwa kifua au shingo, hafungiwi chumbani peke yake. Likitokea, anaachiwa mara hatari inapopita, anaonwa na muuguzi, na mzazi anapigiwa simu siku hiyo.

Sheria pekee haitoshi, lazima walezi wajue kitu kingine cha kufanya. Nakumbuka usiku mmoja nikiwa mgeni kazini. Mvulana wa miaka 15 alikuwa ameambiwa jioni kwamba baba yake hatakuja Jumamosi. Hakusema neno. Saa nane usiku nikasikia teke kwenye mlango wa stoo, la pili, kisha kioo kikamwagika. Niliinuka kukimbia nimshike. Mama tuliyekuwa naye zamu alinivuta mkono wa shati. Akatembea polepole, akasimama hatua kama tano kutoka kwake, kando, si mbele ya njia yake, kisha akaketi sakafuni kabisa, mgongo ukutani.

"Usinisogelee!"

"Sikusogelei, mwanangu. Nimekaa."

Kijana akatukana, akapiga teke tena. Mama hakujibu matusi. Baada ya muda akasema tu, "Uliisubiri sana Jumamosi." Kisha akanigeukia mimi: "Mletee ndala zake, kuna vioo."

Nilizileta, nikazisukuma sakafuni zikamfikia. Aliziangalia kitambo. Akazivaa. Hapo ndipo mabega yake yalipoanza kushuka, na zilipita kama dakika ishirini hadi akakaa chini naye, mbali kidogo, akalia.

Asubuhi alifagia vioo pamoja nasi, na mchana akamsaidia fundi kupima kioo kipya. Lakini kosa la kwanza lililoandikwa kwenye kitabu cha matukio lilikuwa letu. Mlezi aliyekuwa anamaliza zamu alimpa kijana habari nzito dakika chache kabla ya kulala, kisha akaondoka bila kuiandika kwenye makabidhiano. Tuliongeza mstari mmoja kwenye fomu ya makabidhiano: "Nani amepokea habari mbaya leo?" Mstari huo uweke kwenye fomu yako tangu siku ya kwanza.

Hatua ya nane: fungua mlango kwa macho ya nje

Panapokaa watoto wasio na sauti na watu wazima wenye funguo, utamaduni wa funika kombe huota wenyewe, hata kwa watu wema. Weka simu ambayo kijana anaweza kuitumia faraghani kupiga nambari ya kulinda watoto. Teua mtu wa nje, asiyelipwa nawe, mwenye haki ya kuja bila taarifa na kuongea na kijana yeyote peke yake. Kila lalamiko lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku ulizoahidi, hata kama jibu ni hapana. Na usiogope mwezi wenye malalamiko mengi. Ogopa ule usio na hata moja.

Hatua ya tisa: kuondoka kunaanza siku ya kuingia

Kwenye fomu ya kupokea, jaza mahali ambapo kijana atalala usiku wa kwanza akitoka, shule atakayorudi, na mtu mzima atakayemshika mkono. Mwishoni mwa wiki arudi nyumbani kila inapowezekana, ili ugomvi wa zamani ujitokeze wakati bado mpo wa kusaidia. Mafanikio anayoyaonyesha ndani ya kuta zako ni nusu ya habari. Nyumbani kuna rafiki yuleyule kona ileile.

Ile sheria ya Marekani ya 2018 inadai msaada wa familia kwa angalau miezi 6 baada ya kijana kutoka. Uweke kwenye bajeti kama mshahara wa mtu, si kama nia njema. Mtu huyo apige simu wiki ya kwanza, aende kwao mwezi wa kwanza, kisha aulize tena mwezi wa 3, wa 6 na wa 12: unalala wapi, unasoma au unafanya kazi, umetumia dawa za kulevya, umewahi kufikiria kujiua, ukizidiwa unampigia nani. Majibu yaandikwe hata yakiwa ya kuumiza, na yasomwe mbele ya bodi pamoja na hesabu za fedha.

Anza na vijana wanne. Wakae, wawafundishe kazi, waandike nanyi upya zile sheria zilizoonekana nzuri kwenye karatasi. Kitanda cha tano kifunguliwe siku ambayo wa kwanza kati yao ameshakaa nyumbani miezi mitatu na bado anapokea simu zenu.